Kazi Iliyofungwa Kwenye Disketi

Jumatano, 15 Oktoba 1997

Daftari jipya, kwa sababu la zamani limelowa. Paa la ofisi linavuja pale pale juu ya meza yangu, na bosi wetu Jovitus ananishauri nisogeze meza. Nisogeze wapi? Ofisi ina vyumba viwili: kimoja kina kompyuta, kingine kina Jovitus.

Mvua hizi watu wanaziita Elnino, kana kwamba ni shemeji wa mtu aliyekuja kutembea na hataki kuondoka. Mito inashusha tope ziwani, na magugu maji yanakula tope yananenepa. Asubuhi nimeteremka hadi ufukweni hapa Igogo, Mwanza. Kijani tupu mpaka kwenye mawe, na wavuvi wamekaa juu ya mitumbwi yao wanavuta sigara.

Niandike kazi yangu wazi, ili nikiwa bibi nielewe nilikuwa nahangaikia nini. Nimeandika programu inayokokotoa upepo utayasukuma wapi magugu, ili tujue kesho mwalo upi wa kutia boti utakuwa wazi na upi utafungwa. Jioni tunasoma majibu kwenye redio call na visiwani wanasikiliza. Shida ni kwamba ghuba ni kubwa na kompyuta yetu ni moja. Nikiipa kazi leo, utabiri wa kesho unatoka keshokutwa. Nani anataka kuambiwa habari za jana?

Na mimi siwezi kulichukulia jambo hili kama kazi ya ofisi tu. Mdogo wangu Odeta yuko kisiwani Irwezo, anafundisha shule moja na mumewe, Mwalimu Chenge. Ana mimba ya pili. Ya kwanza alichelewa kuvuka, akapasuliwa akiwa hoi, mtoto hakulia. Daktari alimwambia mbele yangu: safari nyingine usisubiri uchungu kisiwani, uje mapema, utapasuliwa tena. Anatarajia Krismasi. Irwezo kuna mwalo mmoja, na wiki hii umefungwa siku nyingi kuliko ulivyofunguka.

Nimemwambia kwenye redio aje sasa. Anasema, "Dada, shule zikifungwa nitakuja. Niwaache watoto na nani?" Chenge akapokea akasema, "Shemeji, usitutie hofu." Mwanaume yule! Moyo wake sijui umetengenezwa na nini.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mvua. Nimekula mapanki, mifupa ya sangara ya kukaanga, tumbo halikupenda.

Jumanne, 21 Oktoba

Jovitus amefanya jambo la maana, niandike kabla sijasahau. Ameongea na kiwanda kimoja cha samaki kule Nyakato, wana kompyuta ya makaratasi ya kusafirisha minofu, ya zamani lakini nzima. Wametukubalia tuitumie mchana. Kwa hiyo nitaigawa ghuba: kusini nifanye hapa, kaskazini, pamoja na Irwezo, niipeleke Nyakato kwenye disketi, kisha niunganishe majibu.

Aliyekabidhiwa mashine ni dada mmoja anaitwa Mhoja. Mnene, mcheshi, ananuka marashi na sangara kwa wakati mmoja. Ameniuliza, "Kwa hiyo mimi nibonyeze tu?" Nikasema ndiyo, ubonyeze tu. Nimebonyeza mimi mwenyewe mbele yake. Kazi ikafa papo hapo. Ilikuwa inatafuta faili la upepo lililobaki ofisini Igogo.

Mhoja akacheka. "Umemtuma mtoto dukani hujampa hela."

Sikucheka.

Ijumaa, 24 Oktoba

Siku nne sijafanya kingine. Nikiifungasha kazi, inafika Nyakato ikidai kitu cha Igogo. Juzi ilitaka printa yetu. Jana ilikuwa imeshikilia faili ambalo lilikuwa wazi kwenye kumbukumbu ya kompyuta yangu. Unafungashaje mkono ulioshika kitasa cha mlango, mlango wenyewe umeubakiza nyumbani?

Leo nimekumbuka sanduku la bweni. Mama alikuwa anatupakia mimi na Odeta tukienda shule ya masista: kijiko, kiberiti, sindano, kila kitu, maana alijua kule hakuna wa kumwomba. "Mkiomba chumvi kwa watu, mmenitia aibu," alikuwa anasema. Basi nimeipitia programu mstari kwa mstari nikiuliza: hapa unaomba nini kwa mwenyeji? Kila inachoomba nimekitia ndani. Ramani ya kipande chake, jedwali la upepo wa mchana na wa usiku, magugu yalipo, hesabu ilipofikia. Vyote vimepangwa kwa mfuatano katika faili moja, ili mashine nyingine ikifungua ianze pale pale kana kwamba kazi haijawahi kusafiri. Tena kila baada ya muda inajifunga yenyewe, umeme ukikatika iendelee ilipoishia. Kwa mgawo huu wa umeme, bila hivyo ni kujisumbua.

Alhamisi, 30 Oktoba

Imekubali! Nyakato imetoa kaskazini, Igogo imetoa kusini, na utabiri wa kesho umetoka leo. Nimepiga kelele mpaka Jovitus amekuja na kikombe chake mkononi akidhani ni nyoka.

Majibu nimeyaandika kwa neno moja moja tu, wazi au imefungwa, kwa asubuhi, mchana na jioni. Watu wa mialoni hawataki hesabu, wanataka kujua kama waende.

Jumatatu, 3 Novemba

Imepatia. Irwezo wazi asubuhi, na ilikuwa wazi kweli.

Jumamosi, 8 Novemba

Tuna nahodha wa boti, Malimi, Mkerewe, mtu wa maneno mengi. Anapeleka dawa kwenye zahanati za visiwani. Mwanzoni nilidhani atatudharau, wazee wa maji wengi wanatudharau. Wapi! Ametupenda kupita kiasi. Anasimama pale ufukweni anawatangazia watu, "Kompyuta imesema!" Mtu akimpinga, anamuuliza kama amesoma chuo kikuu.

Leo kompyuta imesema Irwezo wazi mchana. Akaenda. Akakuta mwalo umefungwa kama mlango wa kanisa Jumatatu, akaelea nje hadi jioni na dawa zake. Nilitegemea matusi. Amenijia akitabasamu, ananiambia, "Labda mimi ndiye nilichelewa, dada Prudencia."

Hilo ndilo limeninyima raha. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 12 Novemba

Nimeshinda Nyakato kutwa nzima. Nimewasha mashine mwenyewe, nimeingiza disketi mwenyewe, nimekaa nimeikodolea macho. Majibu safi kabisa. Nimelinganisha na hesabu ya mkono, sawasawa. Mhoja ameniletea chai ya maziwa na mihogo. Anaongea tangu asubuhi hadi jioni. Ana dada yake Magu ambaye amegombana na mumewe, sasa najua kila walichorushiana.

Kosa silioni.

Jumatatu, 17 Novemba

Reli imekatika kwa mafuriko, sukari haipo. Nimesikia sauti ya Odeta redioni. Anasema miguu imevimba lakini "ni kawaida". Nani alimwambia ni kawaida? Chenge, bila shaka.

Alhamisi, 20 Novemba

Tena. Irwezo wazi mchana, tumesema. Imefungwa mchana kutwa, wametujibu. Na kusini, kipande ninachofanya hapa Igogo, hakijakosea hata mara moja. Kila kosa linatoka Nyakato.

Nimechukua piki-piki nimeenda kumwuliza Mhoja uso kwa uso. "Unagusa nini?"

"Sigusi kitu. Si ulisema nibonyeze tu?"

"Jana ulifanya nini?"

"Umeme ulikatika, ukarudi, nikawasha, ikaniuliza maswali yake, nikaijibu, nikabonyeza. Kazi ikaendelea."

"Maswali gani?"

"Yale yale ya siku zote, ya kuwashia." Akanitazama kwa jicho moja. "Prudencia, mbona unanihoji kama polisi? Nakusaidia bure."

Nikamwambia kusaidia bila umakini si kusaidia. Amenyamaza. Ni mara ya kwanza namwona Mhoja amenyamaza, na badala ya kujisikia vibaya nilijisikia nimeshinda. Njiani nikirudi nimemwita moyoni majina yote: mzembe, mpiga soga, anamwaga chai kwenye kibodi.

Jumatano, 26 Novemba

Mvua ya mawe. Majibu yamepatia siku tatu mfululizo. Siamini.

Jumatatu, 1 Desemba

Nimemwambia Jovitus tuache kutangaza Irwezo mpaka nipate kosa. Amesema wafadhili wanakuja Januari, na utabiri unapatia "kwa wastani mzuri sana". Nikamwambia, mdogo wangu hapandi boti ya wastani. Alikwenda kusimama dirishani, akasema yeye alikuwa kiwanda cha nguo miaka kumi na miwili, kikauzwa, na hii kazi ikifungwa hajui ataenda wapi. Nilikuwa sijui. Nilidhani anapenda kikombe chake tu.

Jumamosi, 6 Desemba

Shule zimefungwa jana. Odeta anataka kuvuka Jumatano. Malimi atamfuata. Nimemwuliza Odeta kwa nini asije leo, akasema leo mwalo umefungwa, na kesho pia. Kweli, umefungwa. Hilo halihitaji kompyuta.

Sili vizuri. Nikilala nasikia mvua, nikiamka nasikia mvua.

Jumanne, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru, lakini kiwanda hakilali, na Mhoja amefanya kazi yangu bila kulalamika ingawa tangu siku ile tunasalimiana tu. Majibu nimeletewa jioni. Irwezo kesho: asubuhi wazi, mchana wazi, jioni imefungwa.

Nimeyasoma tena na tena. Asubuhi Malimi anaingia, mchana anatoka na Odeta. Nimesema redioni kwa sauti yangu mwenyewe: "Irwezo, asubuhi wazi, mchana wazi." Odeta akajibu, "Nimesikia, dada. Nishafunga mzigo." Alikuwa anacheka.

Mungu wangu, iwe wazi.

Jumatano, 10 Desemba

Naandika kwa sababu nikikaa bure nitapata wazimu.

Malimi aliondoka kukiwa na giza. Akaingia Irwezo vizuri, mwalo ulikuwa wazi kama tulivyosema. Wakanywa chai kwa Chenge, wakampakia Odeta na mama mmoja mkunga wa zahanati. Mchana wakasukuma boti. Hawajafika mbali, upepo ukatoka ziwani ukayaleta magugu yote ya ghuba kwa pamoja. Mbele yakafunga, nyuma yakafunga. Propela ikasongwa. Mganga wa zahanati akatupigia redioni: "Boti imenasa. Tunaiona lakini haifikiki. Mama ameanza uchungu. Ova."

Ameanza uchungu. Sikumwelewa mara moja. Jovitus ndiye aliyemjibu. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza ile inayovujiwa.

Mchana upepo unatoka ziwani, kila mtu anajua, hata programu yangu inajua, nimeliandika jedwali mwenyewe. Usiku unageuka, unatoka nchi kavu na kuyatoa magugu nje. Sasa programu imewezaje kusema mchana Irwezo ni wazi? Ingesema hivyo tu kama ingekuwa inafikiri mchana ni usiku.

Nilipowaza hivyo nikamwambia Jovitus anipeleke Nyakato. Hakuuliza. Alinipakia kwenye piki-piki bila koti la mvua, yeye na suti yake.

Tumemkuta Mhoja. Nimeingia nikiwa tayari kumpigia kelele, nina kila neno. Sijafungua mdomo umeme ukakatika. Tukakaa kwenye giza la mawingu, majenereta ya vyumba vya barafu yanaunguruma huko nyuma. Umeme ukarudi. Mhoja akawasha mashine. Mashine ile ni ya zamani, ikizimwa inasahau tarehe na saa, ikiwashwa inauliza. Ikauliza tarehe, akaandika tarehe. Ikauliza saa.

Mhoja akatoa kichwa dirishani. "Mlinzi! Saa ngapi huko?"

"Saa tisa na robo!"

Akaandika: tisa, nukta mbili, kumi na tano. Akabonyeza.

Yesu wangu.

Kompyuta haihesabu saa kama sisi. Kwake tisa na robo ni asubuhi, saa tatu na robo yetu. Ilitakiwa kuandikiwa kumi na tano na robo. Na mimi, mimi mjuzi wa sanduku la bweni, niliyeifungashia kazi ramani na upepo na kijiko na sindano, niliiacha iombe kitu kimoja kwa mwenyeji. Kila inapoanza au kuendelea baada ya umeme kukatika, inaiuliza mashine: saa ngapi sasa hivi? Kwa jibu hilo ndiyo inachagua upepo gani wa kuanzia. Jana, kama alivyonieleza baadaye, umeme ulikatika mchana. Mhoja aliambiwa saa saba, akaandika saba. Programu ikaamini kumepambazuka, ikauchukua upepo wa alfajiri ikausambaza mchana. Siku nilizokuwapo niliwasha mimi, nikaandika saa ya kikompyuta bila hata kufikiri. Ndiyo maana sikuliona kosa. Kosa lilikuwa halitokei mbele yangu.

Mhoja aliulizwa saa, akajibu saa. Nani hapa Mwanza angejibu vingine? Mimi ndiye niliyemwambia abonyeze tu.

"Kuna nini?" Mhoja akauliza. "Nimekosea?"

"Hujakosea. Nimekosea mimi." Nikaketi kwenye kiti chake nikaanza kulia. Akanishika bega, hakujua hata ni la nini. Nikamweleza habari za Odeta. Akasema, "Sasa unalia nini? Irekebishe. Nitakushikia taa."

Tumeirekebisha pale pale. Saa nimeitia ndani ya kazi yenyewe, pamoja na ramani na upepo, na nimeifutia kabisa ruhusa ya kuiuliza mashine. Nimeipa kipande kidogo tu, Irwezo na maji yanayoizunguka, ili isichelewe. Kabla giza halijaingia imejibu: upepo wa usiku utavunja zulia la magugu na kulisukuma nje pamoja na boti. Kuelekea alfajiri kutakuwa na maji mbele yao.

Tukarudi Igogo. Kwenye redio alikuwa Chenge, anahema. Wanaume wa kisiwa walikuwa na mapanga, wamekata njia ndani ya magugu toka ufukweni, wamebakiza kidogo wafike kwenye boti wamrudishe Odeta nchi kavu.

"Shemeji," nikasema, "msimrudishe."

"Yuko kwenye uchungu, Prudencia."

"Najua. Mkimrudisha, Irwezo kuna kisu cha kumpasulia? Nani atampasua? Usiku upepo utawatoa. Programu inasema."

"Programu hiyo hiyo ya jana?"

Alisema taratibu, hakupiga kelele. Angepiga kelele ningevumilia.

"Hiyo hiyo. Jana ilidanganywa saa, na kosa ni langu mimi, si la mtu mwingine. Leo nimeipa saa ya kweli."

"Una uhakika?"

Nilitaka kumwambia ndiyo. Jovitus alikuwa ananitazama. "Sina uhakika wa mvua," nikasema, "wala wa uchungu wake. Nina uhakika wa upepo na wa saa. Zaidi ya hapo sina."

Nikamsikia akiongea na mtu pembeni kwa Kisukuma. Akarudi. "Ngoja nitoe mtumbwi, niupitishe juu ya magugu nikae naye. Nimwambie Malimi nini?"

Hapo nikashtuka. Boti haina redio. Nikisema neno likafika pungufu, hakuna atakayeweza kuniuliza tena. Na Malimi ana saa ya mkononi ambayo imesimama tangu Pasaka.

"Sikiliza, umpelekee yote. Asiangalie saa. Sasa hivi azime mashine na aisafishe propela, asipoteze mafuta. Walale wameelekeza pua ya boti ziwani. Upepo ukianza kuwapiga mgongoni, wasifanye kitu, wauache uwasukume. Watasikia magugu yanachanika. Akiona maji meusi mbele, mapana kuliko boti, ndipo awashe, aje moja kwa moja bila kugeuka. Rudia."

Akarudia, neno kwa neno, kama anavyowarudishia wanafunzi wake imla. Kisha akasema, "Nimefunga," akaondoka redioni.

Na mimi niliuliza moyo wa mtu huyu umetengenezwa na nini.

Mhoja amekuja na ugali na dagaa, eti tusife njaa. Amekuja kutoka Nyakato kwenye mvua hii, mtu niliyemwita mzembe. Jovitus amesinzia kwenye kiti. Upepo bado unatoka ziwani. Natoka nje kila mara nasimama mlangoni na kugeuza uso ziwani, na kila mara naupata usoni.

Alhamisi, 11 Desemba

Umegeuka. Nimeupata kwenye kisogo.

Alhamisi hiyo hiyo, mchana

Niko hospitali, kwenye benchi. Waliingia bandarini kumekucha, boti imevaa magugu kama bibi harusi, Malimi amekaukiwa sauti, hana neno hata moja, na hilo peke yake ni muujiza. Chenge miguu yote imechanika, suruali imebaki nusu. Odeta alikuwa anatazama juu. Nikamwita, akageuza macho tu. Wamempitisha moja kwa moja chumba cha upasuaji. Mlango umefungwa.

Chenge amekaa pembeni yangu. Nimempa kanga yangu ajifunike miguu.

Jioni

Mtoto wa kike. Analia. Nimemsikia mwenyewe, analia kwa hasira kabisa. Odeta bado hajaamka. Wamesema damu imepotea nyingi, wamechukua ya Chenge. Yangu imekataa kulingana na yake.

Ijumaa, 12 Desemba

Bado.

Jumamosi, 13 Desemba

Amefungua macho, ameomba maji, amelala tena. Nesi amesema tusimchoshe. Nimetoka nje nikamkumbatia Jovitus katikati ya watu, maskini, kikombe kikamponyoka.

Jumatatu, 15 Desemba

Mji mzima una habari. Malimi amepata sauti yake na anaitumia yote. "Kompyuta ya dada Prudencia imemtoa mdogo wake kwenye magugu!" Ufukweni wananiita Mama Kompyuta, mwuza dagaa amekataa kunitoza. Jovitus ameshaanza kuandaa maelezo ya wafadhili. Kila anayenipongeza nataka kumwambia: na nani alimwingiza? Nimemwambia Jovitus aandike na kosa, lote, na aandike ni langu. Amesema ataandika.

Nyakato nimeenda asubuhi. Mhoja bado anauliza mlinzi saa, mlinzi bado anamjibu, na kazi haisikii tena. Inaenda na saa yake. Nimejaribu kuandika saa za uongo mara kadhaa kuona kama itatetereka. Haikutetereka. Nilikaa pale nikiijaribu hata baada ya kuridhika.

Jumanne, 16 Desemba

Odeta amekalishwa na mito mgongoni. Uso mdogo, macho makubwa, lakini ni yeye. Chenge alikuwa ametoka kutafuta uji. Nikaona nikisubiri sitasema kamwe.

"Odeta. Wanaosema nimekuokoa, ni mimi pia niliyesema mchana wazi. Mimi ndiye niliyekuingiza mle. Programu nil—"

"Najua," akasema. "Chenge alinieleza kwenye boti, usiku ule, habari ya saa. Tulikuwa na muda mrefu wa kuongea, waitu dada yangu."

"Na ukakubali kunisikiliza tena?"

"Nilikuwa na hasira na wewe, dada, acha tu. Nilikuapiza kwa matusi yale ya shuleni." Akafumba macho, akapumzika. "Halafu upepo ukanipiga mgongoni, kama ulivyosema."

Machozi yakaanza kunitoka, yangu hayana adabu.

"Usinililie hapa, kidonda kitauma nikicheka," akasema, akanisukumia kile kifurushi cha blanketi. "Mshike mtoto, nataka kulala."